Kiduha: Tukitambue kwa Majani na Maua



Leo twataka kusema nanyi habari za ua zuri liletalo njaa. Mara nyingine mahindi hudumaa na kunyauka, hali udongo una maji. Hapo wako wasemao kuwa shamba limelogwa, wakamtazama jirani kwa jicho baya. Jirani hana kosa. Mwizi yu chini ya ardhi, naye ni kiduha. Mizizi yake huishika mizizi ya mahindi, mtama na uwele, ikanyonya maji na chakula chake.

Viduha ni vya namna nyingi, tutaeleza vitatu.

Cha kwanza ni kirefu, futi 1 hata 3. Shina lake lina pembe nne, majani ni marefu, yamechongoka, nayo hukwaruza mkono. Maua yake ni ya waridi au zambarau. Hiki ni kingi pande za Ziwa Victoria.

Cha pili ni kifupi, yapata shibiri moja. Majani ni membamba sana, na maua ni madogo, mekundu. Lakini rangi peke yake hudanganya, kwani pengine huwa ya njano au meupe. Basi tazameni kikombe cha kijani kishikacho ua, mhesabu mistari iliyoinuka. Kiduha kirefu kina mistari 5. Kifupi kina 10 au zaidi.

Cha tatu hupenda penye unyevu. Majani yake ni mapana, yenye meno makubwa ukingoni.

Mbona twasisitiza majani? Kwa sababu ua likifunguka, mbegu zi karibu. Kiduha kirefu kimoja chaweza kutoa mbegu zaidi ya 50,000, ndogo kama vumbi, nazo hukaa udongoni hata miaka 10 na zaidi.

Kwa hiyo king'oeni kabla hakijachanua. Kilichokwisha chanua kichomeni moto. Msikitupe kando ya shamba, wala msiwape ng'ombe. Hatuwafichi: mahindi yaliyokwisha nyonywa hayatapona sana. Faida ni ya mwaka ujao. Tena mwaka huo pandeni pamba mahali pale: mizizi yake huziamsha mbegu za kiduha, zikaota, zikakosa pa kunyonya, zikafa.

Basi kesho asubuhi, kila mtu na apite shambani mwake, ainame, atazame majani.