Mgeni na Ratiba Yake

Miaka kadhaa nyuma niliombwa kuwa mkalimani wa vijana kumi na wanne kutoka Marekani. Walikuja kwa wiki mbili kwenye usharika mmoja wa nyanda za juu kusini, kujenga darasa la Shule ya Jumapili. Walikuwa vijana wenye adabu na imani, waliochangisha nauli kwa kuosha magari na kuuza keki. Siku ya tano, alfajiri, mama mmoja jirani na kanisa akafiwa na mumewe.

Kule msiba ukilia, jembe linalala. Fundi aliweka mwiko chini, vibarua wakaondoka, akina mama wakaanza kukusanya kuni na unga. Kiongozi wa vijana akanivuta kando. Aliomba nimuulize mchungaji kama wao wangeweza kuendelea na matofali, kwa kuwa siku zilizobaki zisingetosha kufika kwenye lenta.

Sikulitafsiri swali lile. Nilimwambia tu: leo tunakwenda msibani.

Nimelifikiria mara nyingi tangu siku hiyo. Halikuwa swali la mtu mbaya. Alikuwa ameahidi watu wa kwao, waliotoa akiba zao, kwamba atarudi na picha ya darasa lililokamilika. Ratiba ilipangwa ng'ambo, kabla hajamjua hata mtu mmoja wa kijiji kile, na ndani ya ratiba hiyo hapakuwa na nafasi ya mtu kufa.

Safari hizi zina historia. Mwaka 1957 mwanafunzi Mmarekani, George Verwer, alikwenda Mexico na wenzake wawili kugawa maandiko ya Kikristo kwa Kihispania, na mbegu ile ikaja kuwa shirika la Operation Mobilisation. Mwaka 1960 Loren Cunningham akaanzisha Youth With A Mission, akiamini kwamba kijana anaweza kutumwa akiwa bado kijana. Naliheshimu wazo hilo. Lakini sisi wa ukanda huu tuna kumbukumbu nyingine pia. Johannes Rebmann alifika pwani ya Mombasa mwaka 1846, akakaa Rabai, na alipoondoka mwaka 1875 alikuwa haoni tena. Simtaji ili kuwatia vijana haya, maana si kila mtu ameitiwa miaka 29 ugenini. Ila miaka ile ilimpa nafasi ya kukosea, akasahihishwa na wenyeji, akajifunza upya. Wiki mbili zinatosha kukosea tu.

Tazama Honduras. Kimbunga Mitch kiliipiga nchi ile mwaka 1998, na makundi ya kanisa kutoka Amerika Kaskazini yakamiminika kujenga nyumba. Kurt Ver Beek, mwanasosholojia Mkristo aliyekuwa akiishi hukohuko, akafuatilia kazi yao. Alikuta kwamba nyumba iliyojengwa na wageni, nauli zao zikihesabiwa, iligharimu kama dola 30,000, wakati mashirika ya Kikristo ya wenyeji yalijenga kwa kama dola 2,000. Gharama ya nyumba moja ingetoa nyumba kumi na tano, na ujira ungeingia mifukoni mwa mafundi wa Honduras waliokuwa wakihitaji kazi. Familia zilizopewa nyumba zilishukuru, lakini hazikuona tofauti kubwa kati ya kujengewa na wageni na kujengewa na watu wa kwao. Na wale vijana, ambao tunaambiwa safari hubadilisha maisha yao, waliporudi makwao mabadiliko ya kudumu yalikuwa machache, hata katika utoaji wao.

Hesabu hii inaniuma kwa sababu ni watu waliotoa kwa upendo.

Haraka ya kusaidia inaweza kuumiza zaidi ya mfuko. Baada ya tetemeko la Haiti la Januari 2010, Wabaptisti kumi wa Marekani walikamatwa wakijaribu kuvusha watoto 33 kwenda Jamhuri ya Dominika bila hati halali. Walisema wanaokoa yatima. Wengi wa watoto wale walikuwa na wazazi hai.

Mwaka 1968 Ivan Illich, aliyekuwa padri wakati huo, aliwahutubia wanafunzi wa Kimarekani waliokuwa wakijitolea Mexico. Aliwaambia waje kutazama, waje kupanda milima, waje kusoma, lakini wasije kusaidia. Nakubaliana naye nusu ya njia. Siwezi kumwambia Mkristo abaki kwake, wakati mimi ninakiri kila Jumapili kwamba kanisa ni moja. Ninachomwomba ni kwamba ratiba aiache mikononi mwa mwenyeji. Wahenga walisema mgeni apewe jembe siku ya tatu, na anayempa jembe ni mwenye shamba.

Hapo wenyeji nasi hatujasimama vizuri. Tunakubali kila mradi unaoletwa, hata tukijua darasa halihitajiki na kisima ndicho kinachohitajika, kwa kuogopa kwamba tukisema hapana wafadhili hawatarudi. Tunamweka fundi wetu kwenye kiti atazame ukuta ukipinda, halafu wageni wakishaondoka tunamwita aubomoe. Huo si ukarimu. Ndugu huambiwa ukweli.

Na ndugu hutembeleana. UEM, jumuiya ya makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani yenye ofisi yake Wuppertal, hupeleka pia vijana wa upande wetu kujitolea Ujerumani. Kijana wa Kitanzania anayemlisha mzee wa Kijerumani uji kwa kijiko, akihangaika na lugha ngeni, yupo kazini kwa Injili ileile. Natamani makanisa yetu yachangie safari za namna hiyo kwa bidii ileile tunayoitumia kupokea wageni.

Nirudi msibani. Vijana wale walikaa kwenye mikeka siku tatu, kiongozi wao akiwa kati yao. Walijifunza kusema "kamwene", salamu ya kule, na kushika mkono wa mfiwa bila kuongeza neno. Mmoja alifuatana na wanaume makaburini, akapokea beleshi zamu yake ilipofika, akachimba mpaka viganja vikatoka malengelenge. Darasa waliliacha likiwa na kozi sita. Fundi wetu alilimalizia baada ya mavuno.

Mama yule hukutana nami gulioni. Kila mara hunisalimu, huniuliza habari za nyumbani, kisha husema, "Mwanangu, yule kijana aliyemchimbia mume wangu, mama yake hajambo?"