Kimweri ye Nyumbai na Ugomvi wa Urithi Wake

Leo twapenda kuwaeleza habari za mfalme ambaye jina lake lingali likitajwa katika nchi hii ya Tanga. Sisi tukaao Makorora, anga likitakata, twaiona milima ya Usambara upande wa machweo. Ndani zaidi ya milima hiyo ndiko uliko mji wa Vuga, na hapo alitawala Kimweri ye Nyumbai, Simba Mwene wa Wasambaa, hata alipofariki mwaka 1862, hali amekuwa mzee sana.

Kimweri alikuwa wa ukoo wa Wakilindi, uzao wa Mbegha, yule mwindaji aliyetoka Nguu. Alitawala karibu nusu karne, na enzi yake ilishuka Bonde ikakaribia bahari. Ili kuishika nchi kubwa namna hiyo, aliwatawanya wanawe, akawaweka kuwa wakuu wa majimbo karibu yote. Ushuru wa mifugo, vyakula na nguo ukapanda Vuga; na mashauri makubwa yakapelekwa huko vile vile. Krapf, mmisionari aliyefika Vuga mwaka 1848 na tena 1852, alikuta nchi yenye amani. Hata Seyyid Said wa Unguja alipatana naye, mwaka 1853, juu ya kuwaweka wakuu wa miji ya pwani baina ya Vanga na Pangani.

Walakini mpango huo ulikuwa na ufa. Wana wale walitii kwa kuwa mfalme alikuwa baba yao. Je, baba akiisha kuondoka, watamtii nani? Desturi ilisema mrithi akae Bumbuli, angoje zamu yake. Lakini mrithi, jina lake Mbegha kama babu wa ukoo, alikufa kabla ya baba yake. Basi enzi ikamwangukia mwanawe, Shekulwavu, naye alikuwa kijana. Akatazama huku na huku, akaona majimbo yameshikwa na baba zake wakubwa na wadogo. Nani kati yao angepiga magoti mbele ya mtoto wa ndugu yake?

Aliyekuwa na nguvu kuliko wote ni Semboja, mkuu wa Mazinde. Mazinde uko chini ya milima, katika njia ya misafara itokayo Pangani kwenda bara. Kimweri alitajirika kwa ushuru. Semboja alitajirika kwa biashara ya pembe na watumwa, akanunua bunduki na baruti. Heshima ilibaki mlimani, lakini nguvu ilikuwa imekwisha kuteremka nyikani. Kabla ya mwaka 1870 Semboja alimfukuza Shekulwavu Vuga, akamweka mwanawe mwenyewe kitini, naye akarudi Mazinde. Shekulwavu akakimbilia upande wa mashariki, akafa. Ndugu zake wakaendelea kupigana. Wabondei nao wakaondoka juu ya Wakilindi waliowatawala, wakawaua wengi. Vita hiyo huitwa Kiva.

Wasambaa wana neno lao kwa nyakati kama hizo: nguvu kwa nguvu. Maana yake, wenye nguvu wawili wakishindana, nchi huharibika, na njaa huingia. Ndivyo ilivyokuwa. Raia wasiokuwa na kiti cha kugombea walikamatwa, wakauzwa pwani ili kununua baruti zaidi.

Tusidhani mambo hayo ni ya kwetu tu. Ulaya, Charlemagne aliunganisha nchi nyingi, akafa mwaka 814. Wajukuu wake wakapigana, hata wakagawana ufalme kwa mkataba wa Verdun mwaka 843.

Ugomvi wa Wakilindi haukukatwa na wenyewe. Mwaka 1895 Semboja alikufa. Wadachi wakamnyonga mwanawe Mputa, wakamweka Vuga Kinyashi, wa upande wa Shekulwavu. Ndugu walishindwa kupatana, mgeni akawaamulia. Atakaye kujua zaidi na asome Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi kilichopigwa chapa Magila.

Kwa maoni yetu, Kimweri aliwapa wanawe majimbo, lakini hakuwafunga kwa ahadi kwa huyo atakayemfuata. Nasi wenye shamba dogo au nyumba ya makuti tuna neno hilo hilo la kutengeneza, wakati mzee angali hai na wote wanaweza kumsikia.