Sauti Yako ni Mali, Iandikie Mkataba



Leo nazungumza juu ya kuuza kazi ya sauti. Wazee mnaikumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Watu walikusanyika kwenye redio moja. Ukichelewa, kipindi kimekupita. Siku hizi kuna podikasti. Hiki ni kipindi cha sauti kinachowekwa kwenye intaneti. Msikilizaji anakihifadhi kwenye simu yake. Anakisikiliza wakati wowote, hata akiwa machimboni ambako mtandao haufiki.

Je, mwanakijiji anaweza kupata riziki kwa kazi hii? Anaweza, lakini hana mshahara. Analipwa kwa kila kazi. Kwa hiyo usiuze ng'ombe wala usiache shamba la pamba. Anza kidogo kidogo. Simu yenye kinasa sauti inatosha. Rekodi ndani ya chumba kimya, mbali na upepo na mashine ya kusaga.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Bwana mmoja aliniomba vipindi vitatu, kwa Kiswahili na Kisukuma, juu ya hatari ya zebaki kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Nilikwenda Geita kwa nauli yangu. Nikahoji watu, nikarekodi. Tulipatana kwa mdomo tu. Alipokwisha kupata vipindi, hakupokea simu yangu tena. Ningemshitaki kwa karatasi gani? Jamani, mimi ninayefundisha watu kuandika, sikuandika!

Basi, kabla ya kurekodi, andikeni mambo haya:

1. Kazi yenyewe: vipindi vingapi, vya dakika ngapi.
2. Malipo, na nauli ataitoa nani.
3. Siku ya kulipa. Omba nusu kwanza.
4. Nani atakuwa mwenye vipindi hivyo baadaye.

Wote wawili mtie sahihi. Kila mmoja abaki na nakala yake.

Tena, usitie wimbo wa mtu bila ruhusa. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inakataza. Na kama unataka kutangaza habari kwenye intaneti, kwanza waulize TCRA juu ya leseni.

Ndugu zangu, kalamu mliyoipata darasani si ya kuandikia barua tu. Ni ya kulindia jasho lenu.