Nyumba Nzuri Iuzwe Masika

Msikilizaji, muulize dalali yeyote wa Dar es Salaam nyumba iuzwe lini, atakwambia subiri mvua ziishe. Juni mpaka Septemba, njia za Goba na Chanika zimekauka, gari dogo linafika mpaka getini, na ukuta uliopakwa rangi juzi haujapata mvua ya kuuumbua. Ushauri mzuri huo. Ni mzuri zaidi kwa mwenye nyumba mbovu.

Mimi nasema kinyume chake. Kama nyumba yako haiingizi maji, itie sokoni Aprili, mvua ikinyesha.

Mtazame mnunuzi wa mji huu. Wengi wanaikumbuka Desemba 2011, mvua ilipovunja rekodi iliyokuwapo tangu 1954, watu zaidi ya 40 wakafa, na familia za bonde la Msimbazi zikapelekwa Mabwepande. Mtu wa namna hiyo ukimleta Agosti hashangai vigae wala dari ya jipsamu. Anainama. Anatafuta mstari wa maji ukutani, anagonga lipu kwa kidole asikie kama imeachia, anauliza kwa nini sebule ina rangi mpya mpaka usawa wa magoti na juu imebaki ya zamani. Kisha anatoka, anakwenda duka la jirani, ananunua soda na kuuliza kwa upole: mvua ikinyesha hapa mnapitaje? Jibu la mwenye duka hushusha bei kuliko maneno ya dalali.

Masika maswali hayo yote yanajibiwa bila wewe kufungua mdomo. Mteja kaja na mwavuli, kauona mtaro ukipeleka maji, kaona shimo la choo halijafurika, na bodaboda aliyemleta hakumshusha njia panda akisema mbele hapapitiki. Wauzaji wenzako wanangoja jua, kwa hiyo hana nyumba nyingi za kulinganisha na yako. Wanunuzi nao ni wachache, sikatai. Ila anayekubali kukanyaga tope kwenda kuangalia nyumba hajaja kutembea.

Mwezi wa kuukwepa ni Januari. Ada, sare, madeni ya sikukuu, vyote vimekuja pamoja, na dalali analijua hilo kabla hujamwambia. Atakupigia: "Bosi, mteja ana hela mkononi, ila anaomba upunguze kidogo." Kidogo chenyewe ni mamilioni, nawe utapunguza, kwa sababu mtoto karudishwa nyumbani.

Nikitoka Dar, hesabu yangu ya mvua inabadilika. Masasi na Newala nyumba inafuata korosho: minada ikianza Oktoba na malipo yakatoka, ndipo watu wanapoulizia viwanja na nyumba. Na malipo yakikwama, kila kitu kinakwama. Mwaka 2018 wakulima waliikataa bei ya minada, serikali ikatangaza kuzinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wengine wakasubiri malipo muda mrefu. Aliyepanga kumuuzia mkulima nyumba msimu ule alisubiri pamoja naye.

Lakini msimu wowote utakaouchagua, utakuponyoka kama makaratasi hayajakaa sawa. Mnawaona wale walioandika kwenye kuta zao, kwa herufi nyekundu, "Nyumba hii haiuzwi"? Wengi wao wanamkinga mnunuzi asitapeliwe na ndugu mmoja wa familia. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, hairuhusu makazi ya ndoa yauzwe bila ridhaa ya mwenzi. Baba anaweza kumkamata mteja mzuri Aprili, wakakubaliana bei, mama akagoma kutia sahihi, na mteja akahamia mtaa wa pili. Nyumba ya urithi nayo inahitaji msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Barua ya kikao cha ukoo peke yake haitoshi. Bado kuna uthamini, kodi, na kibali cha kuhamisha hati. Hayo hayamalizwi kwa wiki moja, hata ukiwa na mjomba ardhi.

Kwa hiyo anayetaka kuuza masika aanze kuhangaikia mafaili mvua za vuli hazijaanza. Na kama hati bado ina jina la marehemu baba, dalali asubiri kwanza. Nenda mahakamani. Ikibidi, uza Aprili ya mwaka unaofuata.