Mzigo wa Safari ya Meli



Nimeombwa niseme juu ya safari. Nitasema juu ya mzigo. Enzi zetu M.V. Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, ilitia nanga hapa Musoma, nasi wa daraja la tatu tulipanda na masanduku ya bati. Wengi waliweka juu suruali iliyopigwa pasi, sweta chini kabisa! Kumbe usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, upepo ukavuma kuelekea ziwani, na mvua za radi hupenda saa hizo. Sweta la sufu likae juu.

Viatu ni raba. Kandambili huteleza kwenye ngazi ya chuma iliyolowa, na buti za kamba ndefu hazivuliki upesi majini. Tangu M.V. Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, na M.V. Nyerere kupinduka tarehe 20 Septemba 2018, silioni jambo hili kuwa la urembo. Ukipanda meli, uliza jaketi la kuokolea liko wapi, ulijaribu juu ya sweta lako. Abiria wenzako watacheka. Waache wacheke.