Kabla ya Tundu la Kwanza: Urani, Graniti na Maji ya Kijiji



Kila tunapotaja urani, mjadala wetu huanzia kwenye mikataba: nani kapewa leseni, serikali itapata asilimia ngapi. Ni maswali halali. Lakini lipo swali linalotangulia, nalo hatuliulizi: maji ya kijiji yalikuwaje kabla mtafiti hajatoboa tundu la kwanza? Nitalieleza kwa mfano wa mgodi ulioko katika jimbo hili hili la Washington, ambao ulifunguliwa, ukafungwa, na gharama zake leo zinajulikana.

Kwanza tulielewe jiwe lenyewe. Graniti, au itale kwa Kiswahili cha kamusi, ni mwamba uliopoa polepole chini ya ardhi kutoka kwenye uji wa moto. Urani haiingii kirahisi katika madini ya kawaida, hivyo hujikusanya katika uji wa mwisho na maji ya moto yanayosalia. Ndiyo maana graniti ya kawaida ina takribani gramu 4 za urani kwa tani, wakati wastani wa ganda la dunia haufiki gramu 3. Kiasi hicho hakichimbiki kwa faida. Ili iwe mali, lazima kitu kiikusanye.

Mkusanyaji mkuu ni maji. Maji yenye oksijeni huyeyusha urani na kuibeba. Yakifika penye kaboni au madini ya salfa, oksijeni hupungua na urani huganda hapo hapo. Sasa, pale graniti ilipojipenyeza ndani ya miamba ya zamani zaidi, mpakani huwa na nyufa za kupitisha maji, na ng'ambo ya pili mara nyingi yapo madini ya kuikamata urani. Kwa hiyo wajiolojia huufuata mpaka huo hatua kwa hatua, wakiwa na kipima mionzi mkononi.

Hapa niwatahadharishe wale mnaopigiwa simu kutoka nyumbani: "Kifaa kimelia, tuma hela tukate leseni." Graniti ina potasiamu na thoriamu pia, na vyote viwili hutoa mionzi. Kifaa kinachojumlisha kila kitu kinaweza kulia kwenye kilima cha graniti kisicho na chochote cha kuchimba. Lazima kitenganishe mionzi ya urani na hiyo mingine. Isitoshe, nusu mita ya udongo huzuia sehemu kubwa ya mionzi ya gama, kwa hiyo hata kifaa kikikaa kimya si ushahidi kwamba hakuna kitu. Ndipo watafiti hupima gesi ya radoni udongoni, huchukua sampuli za maji ya visima na vijito, na mwisho huchoronga.

Turudi Washington. Mwaka 1954 Jim na John LeBret, watu wa kabila la Spokane, wenyeji wa asili wa hapa, waligundua urani katika ardhi ya kabila lao. Mgodi ukaitwa Midnite. Urani ilikuwa pale pale tunapozungumzia: mpakani mwa mwamba wa jamii ya graniti na miamba ya zamani. Kampuni ya Dawn Mining, ambayo Newmont ilikuwa na hisa nyingi ndani yake, ilichimba kwa vipindi hadi mwaka 1981.

Miamba ile ya zamani ilikuwa na pairaiti, madini ya chuma na salfa. Ikiwa chini ya ardhi haikumsumbua mtu. Ilipochimbuliwa, hewa na mvua vikaigeuza kuwa tindikali, na tindikali ikayeyusha urani na metali nyingine kutoka kwenye vifusi na kuta za mashimo. Uchafu ukafika kijito cha Blue Creek. Tangu 1992 kuna mtambo wa kusafisha maji. Mwaka 2000 eneo liliingizwa katika orodha ya taifa ya maeneo yaliyochafuka vibaya. Makubaliano ya mwaka 2011 yalikisia usafishaji kugharimu dola milioni 193, na serikali ya shirikisho, iliyokuwa mdhamini wa ardhi ile, ikalazimika kuchangia.

Mtasema Midnite si kwetu. Ni kweli. Urani ya Namtumbo imo katika mawe ya mchanga. Kule Bahi na Manyoni, ambako kampuni zilitafuta katika miaka ya 2000, iko karibu na uso wa ardhi, katika mabonde ambako maji yaliileta kutoka kwenye graniti za pembeni. Lakini kote huko aliyeibeba ni maji, na kule Bahi watu hulima mpunga kwa maji hayo. Namtumbo nako si mbali tena: Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani katika mradi wa Mto Mkuju.

Penye urani, maji yanaweza kuwa na urani hata kabla ya mgodi. Siku yakiharibika, mchimbaji atasema yalikuwa hivyo tangu enzi za mababu. Kijiji kisicho na karatasi kitamjibu nini? Na takwimu mara nyingi zipo! Mtafiti hupima visima ili apate dalili za urani. Vipimo hivyo hivyo ndivyo ushahidi wa kijiji, ila huishia kwenye makabrasha ya kampuni.

Kwa hiyo napendekeza tuisukume serikali yetu kwa mambo matatu. Maji yapimwe masika na kiangazi kabla ya kuchoronga, na maabara isiyolipwa na mtafutaji, nakala zibaki serikali ya kijiji. Mawe ya uchorongaji yapimwe kama yatazaa tindikali, na majibu yatangazwe. Fedha za kufungia mgodi ziwekwe benki kabla ya leseni ya uchimbaji, si baada ya faida kuondoka.

Sipingi urani kuchimbwa. Ninachotaka ni kwamba mkulima wa Bahi awe na karatasi mkononi kabla mgeni hajawasha mashine.