Anayetangulia Kuandaa Mahali

Dominika ya Tano ya Pasaka, Mwaka A (Yoh 14:1-12)

Injili tuliyosomewa leo tumeizoea sana, na mahali tunapoisikia mara nyingi ni penye jeneza. Sisi wenyewe tumeihubiri makaburini mara zisizohesabika, tukiwaambia wafiwa kwamba marehemu wao ameingia katika makao aliyoandaliwa na Bwana. Neno hilo ni la kweli, wala hatulikani. Lakini kwa miaka mingi tulilisema bila kujiuliza swali dogo: kuandaa mahali ni kazi gani hasa, nayo humgharimu nini yule anayeifanya? Swali hilo lilitukuta ndani ya meli, siku ya Jumamosi tarehe 13 Mei 2017, nasi tulikuwa tumekasirika.

Msishangae padre wa shamba alifikaje huko. Tulikuwa tumekwenda kusaidia katika parokia moja ya Italia ambayo paroko wake aliugua. Waamini wake, karibu wote wazee, walikuwa wamekwisha kulipia hija ya siku saba kwa meli, kufuata nyayo za Mtakatifu Paulo huko Malta, Athene na Korintho. Walikosa padre wa kufuatana nao, wakatuomba sisi.

Meli yenyewe tuliipanda katika bandari ya Civitavecchia, kaskazini-magharibi ya Roma. Si kama vyombo vya ziwa letu, ambamo abiria huingia na mkungu wake wa ndizi na kuwahi nafasi kabla jirani hajaikalia. Ile ni kama mji wenye ghorofa. Abiria wapatao elfu tatu hushuka asubuhi, na wengine elfu tatu hupanda adhuhuri ya siku hiyo hiyo, na jioni meli hung'oa nanga. Katika saa chache zilizo kati ya kundi linaloshuka na kundi linalopanda, kila kitanda lazima kitandikwe upya na kila bafu lisuguliwe, ili mgeni anapofungua mlango wake aone kana kwamba hajapata kulala mtu humo tangu meli ilipoundwa.

Mizigo mikubwa hukabidhiwa wapagazi gatini, ikiwa imefungwa kibandiko chenye namba ya chumba, nayo huletwa hadi mlangoni baadaye, pengine usiku. Wenye busara hubaki na mfuko mdogo wa dawa, miwani na nguo ya kubadili. Sisi hatukuwa na busara hiyo. Dawa zetu za shinikizo la damu, alba, stola na chupa ya divai ya Misa, vyote tulivifunga katika sanduku kubwa. Mashine ya ukaguzi ikaiona chupa, na sanduku la padre likazuiliwa katika chumba cha walinzi pamoja na masanduku ya watu walioficha pombe kali. Tulilikomboa saa tatu usiku, baada ya kumweleza ofisa mmoja kijana, asiye Mkristo, maana ya Misa Takatifu. Alitusikiliza kwa adabu iliyowashinda Wakristo wengi tunaowafundisha.

Lakini tumetangulia mbele ya habari. Tulipanda saa sita kasoro robo. Sauti ikatangaza kwa lugha kadhaa kwamba vyumba vitakuwa tayari saa saba na nusu mchana, na kwamba wageni wanaombwa kustahimili. Wazee wetu wakaketi katika ukumbi wa chakula, mifuko magotini, katikati ya umati wenye sahani. Mama mmoja wa miaka themanini na zaidi, ambaye miguu yake ilikuwa imevimba kwa safari ya basi, alituuliza mara tatu ni lini atajinyoosha. Mara ya tatu tukainuka. Tuliona kwamba ni wajibu wa mchungaji kumtetea kondoo wake. Kwa kweli tulikuwa tumechoka pia, na siku hiyo wajibu na kiburi vilivaa kanzu moja.

Tulishuka hadi sitaha ya sita. Mlango wa korido ulikuwa umefungwa, na tangazo limebandikwa kuwaomba abiria wasipite. Tukausukuma, tukapita. Ndani tulikuta toroli, marundo ya shuka zilizotumika, ndoo, na harufu ya sabuni. Milango yote ilikuwa wazi. Katika chumba kimojawapo mtu mmoja alikuwa amepiga magoti, akisugua sakafu ya bafu, taulo begani. Tukamwambia kwa sauti ya juu kwamba watu wamelipa, kwamba ni wazee, na kwamba si haki kuwaweka kama mizigo bandarini.

Alisimama, akajifuta mikono. Alipoiona kola yetu akatuita Padre, akaomba radhi. Akasema ana vyumba kumi na vinane vya kumaliza kabla ya saa saba na nusu, navyo vilivyobaki ni sita. Kisha akauliza namba ya chumba cha yule mama, akasema atakifanya hicho kinachofuata. Akakifanya. Tulimshukuru kama mtu anavyomshukuru mdeni aliyelipa, tukaenda zetu. Hatukumwomba msamaha.

Yule mama alikuwa hajapata usingizi mzito king'ora kilipolia: milio saba mifupi na mmoja mrefu, ishara ya abiria wote kwenda mahali pao pa kukusanyika na kufundishwa namna ya kuokoka. Wengi walinung'unika, maana ndiyo kwanza wameingia chumbani. Lakini kutoka bandari hiyo hiyo ya Civitavecchia iliondoka meli Costa Concordia tarehe 13 Januari 2012, na abiria mia kadhaa waliopanda hapo walikuwa bado hawajafundishwa. Zoezi lao lilipangwa kesho yake. Usiku ule meli iligonga mwamba penye kisiwa cha Giglio, na watu 32 wakafa. Baada ya hapo kanuni za kimataifa zilibadilishwa, ikaamriwa zoezi lifanyike kabla meli haijaondoka au mara inapoondoka. Sisi wa Ziwa Victoria, tuliowazika watu wetu wa MV Bukoba mwezi Mei 1996 na wa MV Nyerere mwezi Septemba 2018, hatuna haja ya kuelezwa kwa nini. Tulipomtafuta yule mama ili tumsaidie kupanda ngazi, tulikuta amekwisha kufikishwa mahali pake. Yule mhudumu alimwamsha, akamfungia vazi la kujiokolea, akamshika mkono.

Kesho yake ilikuwa Dominika ya Tano ya Pasaka, na Injili ilikuwa hii hii ya leo. Mahujaji tuliwaadhimishia Misa mchana. Jioni wakaja mabaharia wawili kutuuliza kama padre angekubali kuwaadhimishia na wao, saa tano na nusu usiku, kwa kuwa mapema zaidi hawana nafasi. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006 unaruhusu mtu afanye kazi hadi saa 14 kwa siku, na zile saa 10 zinazobaki ndizo za kulala, kufua, kuandika nyumbani na kumwomba Mungu. Tulishuka pamoja nao kwa ngazi ambazo abiria hawazioni, hadi sitaha za chini ambako hulala wawili wawili pasipo dirisha. Altare ilikuwa meza ya chakula iliyofutwa vizuri. Walikuja kama arobaini, Wafilipino wengi, Wahindi, Waindonesia wachache, baadhi wakiwa bado na sare za jikoni. Aliyesoma somo la kwanza alikuwa yule mhudumu wa korido yetu. Somo lenyewe lilitoka Matendo ya Mitume, habari ya wanafunzi kuwachagua watu saba, kwa sababu wajane wengine walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku.

Baada ya Misa alitusubiri. Alitoa simu, akatuonyesha picha ya mtoto wa miezi mitano. Hajapata kumshika. Mkataba wake ni wa miezi tisa, na mtoto alizaliwa yeye akiwa baharini. Picha ya pili ilikuwa ya nyumba ya matofali isiyo na paa. Akaweka kidole juu ya tundu moja la dirisha na kusema hicho ndicho chumba cha mtoto.

Wapendwa, hapo ndipo Injili ya mazishi ilipotugeuka mikononi. Tulikuwa tumeihubiri asubuhi yake kwa maneno mazuri kuhusu mbinguni, na kumbe mtu aliyeielewa alikuwa ameketi mstari wa pili. Mtu huyu amewaacha anaowapenda, si kwa kuwachoka, bali ili wapate mahali. Na kila siku ya kuishi mbali nao anapiga magoti, taulo begani, akiwaandalia wageni vyumba.

Someni sura ya 13 ya Yohane kabla hamjasoma ya 14. Ni usiku mmoja, na chumba ni kimoja. Bwana anavua vazi lake, anajifunga kitambaa, anawaosha wanafunzi miguu, kisha anaketi na kuwaambia kwamba anakwenda kuwaandalia mahali. Sisi tumezigawa sura hizo: moja tunaisoma Alhamisi Kuu, nyingine tumeipa makaburi, na hivyo hatuoni kwamba anayekwenda kuandaa makao bado ana maji mikononi. Naye alijua kukosa mahali. Alipozaliwa hapakuwa na nafasi nyumbani mwa wageni. Katika mashua ya wavuvi, asema Marko, alilala nyuma, kichwa juu ya mto, na hata hapo wakamwamsha. Mtume wake Paulo alisafiri kama mfungwa katika meli yenye watu 276, ambao Luka anatuambia hesabu yao bila kutaja chumba cha yeyote. Abiria wa kawaida siku zile walilala juu sitahani.

Wanafunzi nao hawakufurahi. Tomaso alilalamika kwamba hawajui anakokwenda. Filipo aliomba aonyeshwe Baba, basi yaishe. Zamani tuliwalaumu kwa ugumu wa mioyo. Sasa tunasikia katika sauti zao sauti ya mke anayeuliza kila Dominika kwa simu: utarudi lini? Katika parokia zetu nyumba za namna hiyo ni nyingi. Baba yuko Geita machimboni, au anaendesha lori. Binti yuko Muscat akilea watoto wa watu, na wake mwenyewe analelewa na bibi. Hatuwezi kusema kwamba kila anayeondoka anakwenda kuandaa mahali. Wengine wamekwenda, wakabadili namba ya simu, wakafunga ndoa nyingine. Tumeyaona hayo ofisini mwetu, nao watoto wao tumewabatiza. Bwana hakuishia kusema kwamba anakwenda. Aliahidi kurudi na kuwachukua wakae pamoja naye. Ahadi ya kurudi ndiyo inayotenganisha kuandaa mahali na kutoroka.

Makatekista wetu twawaomba jambo moja. Mnapopita kuandikisha watoto wa Komunyo ya Kwanza, mkikuta nyumba ambayo mmojawapo wa wazazi hayupo, msiandike tu kwamba hayupo. Ulizeni yuko wapi, na familia hukaa naye vipi kwa mbali. Tena neno linalotafsiriwa makao katika Injili ya leo, kwa Kigiriki ndilo hilo hilo linalorudi katika aya ya 23, Bwana anapoahidi kwamba yeye na Baba watakuja kufanya makao kwa mtu ampendaye. Seminarini tulilikariri kwa ajili ya mtihani. Maana yake ni kwamba mahali pa huko na mahali pa hapa havikutengana kama tunavyodhani, na nyumba isiyo na paa yaweza kuwa tayari ina Mgeni.

Tulirudi Civitavecchia Jumamosi, tarehe 20 Mei. Masanduku yalikuwa yamewekwa nje ya milango tangu usiku, na abiria tulitakiwa kuacha vyumba saa mbili asubuhi. Yule mhudumu alikuwa koridoni na toroli lake. Tulipoanza kumwomba msamaha kwa maneno ya Jumamosi iliyopita, alitutazama kama mtu asiyekumbuka. Au labda amesikia mengi ya namna ile hata hayatofautishi. Akatuomba tumbariki mtoto wake. Tukaibariki ile picha, pale mlangoni, upesi, kwa kuwa sauti ilikwisha kutangaza kundi letu. Tulipofika mwisho wa korido tukageuka kumpungia mkono. Alikuwa amekwisha kuzitoa shuka zetu, na taulo ilikuwa begani.